Eti kansa ikiguswa na kisu inasambaa? Tuongelee ya kongosho

Hii ya "usikubali kupasuliwa, kansa ikipigwa na hewa inasambaa" nimeisikia tangu niko mdogo, na kwenye kansa ya kongosho ndo inasemwa sana.

Kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa chakula, lina kama sm 15 tu, kwa hiyo uvimbe ukianza huko huoni wala hupapasi kitu. Mtu anakuja kushtuka macho ya njano, mkojo umekolea, choo kimepauka, mwili unawasha, amekonda na maumivu yanatoka tumboni hadi mgongoni. Hapo mara nyingi seli zilishasafiri kitambo kwa damu na mitoki mpaka kwenye ini. Sasa kabla CT skeni (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili) hazijakuja daktari alikuwa anafungua tumbo, anakuta imeshatapakaa, anafunga, miezi michache mgonjwa anafariki, basi ndugu wanasema ni kile kisu. Kisu kiliikuta tu jamani.

Hewa haina kazi hapo. Sindano ya kutoa kinyama cha kupima kweli inaweza kudondosha seli njiani, ila ni nadra sana.

Na upasuaji ndo tiba pekee yenye nafasi ya kuiondoa kabisa, shida ni kwamba wagonjwa kama 15 hadi 20 kwa 100 ndo wanakutwa bado inatoleka. Ikiwa kwenye kichwa cha kongosho wanafanya operesheni ya Whipple, wanatoa hicho kichwa, mwanzo wa utumbo mdogo na mfuko wa nyongo halafu wanaunganisha upya, kazi ya masaa mengi, na baadaye kawaida inafuata kemo, yaani dawa za kuua seli za kansa.