Je, ni kweli kwamba madafu huleta busha?

Mwanamume akiagiza dafu la tatu kwa muuza madafu wa Mombasa, hakosi mwenzake wa kumwonya kwamba atashikwa na busha. Onyo hilo hutolewa kwa mzaha, lakini wapo wanaoliamini kabisa, na mtu hawezi kuwalaumu sana: busha ni maji yaliyojikusanya katika mfuko wa korodani, nalo dafu ni maji. Hata hivyo, maji ya dafu, kama kinywaji kingine chochote, hufyonzwa na utumbo na kuingia katika damu, kisha figo huitoa ziada yake kuwa mkojo. Hayana njia ya kuteremkia kwenye korodani.

Chanzo kikubwa cha busha katika pwani yetu ni mnyoo wa jamii ya filaria, mwembamba kama uzi, ambaye huenezwa na mbu. Mbu akimuuma mwenye minyoo hiyo hufyonza pamoja na damu mabuu yake, ambayo hukua mwilini mwa mbu kwa muda wa wiki mbili hivi kabla ya kumwingia mtu mwingine. Minyoo iliyokomaa hukaa katika mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, na huweza kuishi humo miaka 6 hadi 8 ikizaa mabuu kwa mamilioni. Mishipa hiyo hutanuka, ikaharibika na kushindwa na kazi yake. Athari ikiwa kwenye korodani huwa busha, na ikiwa mguuni, mkononi au hata kwenye titi la mwanamke, huwa matende. Kwa kuwa maambukizi mara nyingi huanza utotoni ilhali uvimbe huonekana ukubwani, mgonjwa hawakumbuki mbu wa miaka hiyo yote. Hulishuku dafu la juzi.

Mbu wanaohusika sana mjini huzaliana katika maji machafu ya makaro na vyoo vya shimo. Madafu yaliyotupwa ovyo yakajaa maji ya mvua huzalisha mbu pia, ila hao zaidi ni wale wa homa ya dengi, kwa hiyo dafu lina kesi nyingine ya kujibu.

Mabuu hujaa katika damu ya mishipa midogo iliyo karibu na ngozi kati ya saa nne usiku na saa nane, ndiyo maana damu ya kupimwa kwa darubini huchukuliwa usiku. Katika kampeni ya mwaka 2018 ya kupambana na minyoo hiyo huko Jomvu, Mombasa, wakazi walipewa dawa tatu kwa pamoja: ivamektini, albendazoli na DEC (diethylcarbamazine). Dawa hizo huangamiza mabuu na kukata maambukizi, lakini haziondoi busha lililokwisha kuwa kubwa. Hilo huhitaji upasuaji, kwani maji yakivutwa kwa sindano tu hurudi. Mwenye matende naye hupata nafuu akiosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, akaukausha vizuri, akatibu vidonda vya katikati ya vidole na kuuinua anapopumzika.

Si kila uvimbe wa korodani ni busha, maana waweza kuwa ngiri, jeraha au saratani. Unaotokea ghafla kwa maumivu makali hupelekwa hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu korodani iliyojisokota huweza kufa kwa saa chache kwa kukosa damu.