Tuzo za Insha, Ruzuku za Nauli na Uhaba wa Madaktari wa Uraibu

Wazazi huuliza, tena kwa mshangao: kwa nini taasisi itoe fedha kumvuta mwanafunzi wa udaktari asomee matibabu ya walevi na watumiaji wa unga? Mbona upasuaji wa moyo haumbembelezi mtu? Ni kweli, upasuaji unajiuza wenyewe. Tawi la magonjwa ya akili linaloshughulikia uraibu halina bahati hiyo, na pale lilipoachwa lijitafutie watu lenyewe, mabingwa wake wamepungua huku wagonjwa wakiongezeka.

Kazi yenyewe haieleweki vizuri, hata miongoni mwa wauguzi na madaktari. Wengi hudhani bingwa wa uraibu ni mtu wa kutoa nasaha: acha pombe, fikiria watoto wako. Lakini mlevi wa miaka mingi akiacha ghafla, ndani ya siku mbili tatu anaweza kutetemeka mwili mzima, kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege, hata kufa. Zipo dawa za kumvusha salama, na ipo vitamini B1, ambayo aliye katika hatari hupewa kwa sindano mapema, kwa sababu ubongo ulioikosa kwa muda mrefu unaweza kuharibika kiasi kwamba mgonjwa hashiki tena jambo jipya. Mtumiaji wa heroini ana hatari yake nyingine. Arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa unga, itamtesa vibaya, lakini kifo humvizia zaidi pale anapotoka jela au soba hausi, nyumba ya kuwalea wanaoacha dawa, na kurudia kipimo chake cha zamani, mwili ukiwa umeshapoteza uwezo wa kukihimili. Kisha yuko mwenye skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, anayevuta bangi, mjamzito aliye kwenye methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, na bibi aliyezoea vidonge vya usingizi alivyoandikiwa na daktari wake mwenyewe. Hawa wote wanamhitaji mtu anayeyajua magonjwa ya akili na dawa za kulevya kwa pamoja, na mtu huyo hapatikani kwa semina ya siku tatu.

Vijana wanalikwepa tawi hili kwa sababu zinazoeleweka. Fedha ni mojawapo, maana wagonjwa wengi hawana uwezo wa kulipia kliniki binafsi. Aibu ni nyingine: dharau anayotupiwa teja mtaani humrukia na daktari wake. Lakini kwa maoni yangu, sababu kubwa kuliko zote ni kwamba mwanafunzi humwona mraibu katika saa yake mbaya kabisa. Humkuta chumba cha dharura usiku wa manane, amelewa, anatukana, pengine ameletwa na polisi. Yule aliyekaa kwenye matibabu miezi minane, amerudi gereji kwake na analipa ada ya mtoto, mwanafunzi hakutani naye, kwa sababu mtu huyo hana shida ya kuja wodini. Baada ya miaka mitano ya kuona upande mmoja tu, daktari kijana anaondoka chuoni akiamini kuwa hawa watu hawaponi. Hakuna aliyemdanganya, amehitimisha kutokana na alichoonyeshwa.

Hapo ndipo tuzo na ruzuku zinapofanya kazi. Nchini Uingereza, chombo kinachosimamia taaluma hii ni Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili, ambacho chimbuko lake ni chama kilichoundwa mwaka 1841 na ambacho kilipata hadhi ya chuo cha kifalme mwaka 1971. Ndani yake kuna tawi la wataalamu wa uraibu, na tawi hilo hutumia njia zilizozoeleka katika vyama vya kitabibu: tuzo ya insha kwa wanafunzi, na ruzuku za kuwawezesha wanafunzi na madaktari walio mafunzoni kuhudhuria mkutano wa mwaka. Kiasi cha fedha si kikubwa. Anayezitazama kama msaada wa ada atasikitika.

Faida yake iko kwingine. Mwanafunzi anayeandika insha kuhusu, tuseme, matibabu ya methadoni gerezani, hulazimika kusoma tafiti ambazo mtaala wake haukumpa nafasi ya kuzisoma. Atagundua kuwa dawa hiyo hupunguza vifo, kwamba watu hukaa kwenye tiba kwa miaka, kwamba uraibu hutibika kwa viwango visivyo vibaya vikilinganishwa na magonjwa mengine sugu kama kisukari na shinikizo la damu. Ruzuku ya mkutano humlipia kiingilio, nauli na pengine malazi, kisha humweka meza moja na mabingwa waliofanya kazi hii maisha yao yote. Anayeshinda tuzo ya bango la utafiti, yaani bango la kueleza utafiti wake mkutanoni, hupata mstari kwenye wasifu wake, ndiyo, lakini pia hupata profesa anayelijua jina lake na anayejibu barua pepe yake. Chuo hichohicho kina mpango wa kuwalea wanafunzi wenye mwelekeo wa magonjwa ya akili, ambamo kila mmoja hukabidhiwa mlezi. Mimi ningelazimishwa kuchagua kimoja kati ya fedha na mlezi, ningechagua mlezi bila kufikiri mara mbili.

Taaluma hii tangu mwanzo imepokewa mkononi kwa mtu. Max Glatt, daktari Myahudi aliyewakimbia Wanazi, ndiye aliyeanzisha kitengo cha walevi katika hospitali ya Warlingham Park, kusini mwa London, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati hospitali nyingi hazikutaka kuwaona. Griffith Edwards, daktari wa magonjwa ya akili wa London, akiwa na Milton Gross wa Marekani, alieleza mwaka 1976 dalili za utegemezi wa pombe kwa namna iliyobadilisha jinsi madaktari wanavyoupima ugonjwa huo duniani kote, na hukohuko London akawalea watafiti wengi waliokuja kuongoza fani hii. Kizazi kimoja cha walimu wa aina hii kikipotea, hakuna kitabu kitakachokirudisha.

England nusura ikipoteze kizazi hicho. Kuanzia Aprili 2013, bajeti ya huduma za uraibu iliondolewa katika mfumo wa kawaida wa hospitali za umma na kukabidhiwa halmashauri. Halmashauri, zikiwa zimebanwa kifedha, zilitangaza zabuni, na huduma nyingi zikaenda kwa mashirika ya hisani yaliyoweza kuziendesha kwa gharama ndogo. Mashirika hayo yana watumishi wazuri, sitaki kuwabeza. Tatizo ni kwamba mkataba wa miaka michache hauna kifungu cha kufundisha madaktari. Daktari wa Kiingereza anayetaka ubingwa huu husoma chuo miaka mitano au sita, akafanya miaka miwili ya mwanzo hospitalini, mitatu ya msingi ya magonjwa ya akili, kisha mitatu ya juu, ambayo mmoja wake huutumia kwenye uraibu chini ya bingwa. Bingwa huyo akiondolewa kwenye kliniki, mwaka ule hauna pa kufanyikia. Kati ya 2011 na 2019 nafasi za mafunzo ya juu ya uraibu England zilipungua kwa zaidi ya nusu, na maeneo mengine yakabaki bila hata nafasi moja.

Ajabu ni kwamba katika kipindi hichohicho kampeni ya kuwavuta vijana kwenye magonjwa ya akili kwa ujumla, iliyoanza 2017, ilifanikiwa sana. Kufikia 2020 nafasi za mafunzo ya msingi zilijaa karibu zote. Vijana walipatikana, lakini mlango wa uraibu ulikuwa umefungwa. Tuzo haziwezi kuufungua mlango huo. Ilibidi Carol Black, aliyepewa na serikali kazi ya kuichunguza hali ya dawa za kulevya, aseme wazi katika ripoti yake ya pili, Julai 2021, kwamba wataalamu wamepungua mno na lazima wajengwe upya. Desemba mwaka huo serikali ikatangaza mkakati wa miaka kumi wenye pauni milioni 780 za ziada kwa ajili ya matibabu. Fedha za insha zilizotolewa miaka yote ya ukame hazikupotea, kwa sababu ziliacha vijana wachache waliokuwa bado wanangojea.

Marekani imeuendea mzigo wa deni moja kwa moja. Huko anayehudumia waraibu katika maeneo yenye uhaba anaweza kulipiwa mkopo wa masomo hadi dola 250,000 kwa kutumikia miaka sita. Ni fedha nyingi, lakini zinamfikia mtu aliyekwisha kufanya uamuzi. Anayehitaji kushawishiwa yuko mwaka wa tatu wa chuo.

Kwetu Tanzania, hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni Februari 2011, na leo kliniki za aina hiyo zipo katika mikoa kadhaa, Zanzibar ikiwamo. Kenya nayo ilifuata kuanzia mwisho wa 2014, katika hospitali ya Mathari, Nairobi, na kisha Pwani. Hii ina maana kwamba mahali pa kujifunzia pameshajengwa, tena pana wagonjwa wengi kuliko bingwa yeyote anavyoweza kuwafuatilia. Tanzania inao pia mpango wa Wizara ya Afya wa kufadhili ubingwa na ubingwa bobezi, unaobeba jina la Rais Samia. Ningependa kuona vyama vyetu vya madaktari vikianza na kitu kidogo: insha moja kwa mwaka, kwa Kiswahili au Kiingereza, na mshindi apewe wiki mbili za kukaa kliniki ya methadoni, nauli na chakula vikilipiwa. Wiki hizo zianze asubuhi, dirisha la dawa linapofunguliwa, ili mwanafunzi awaone wanaokunywa dozi na kuwahi kazini. Na kabla ya kutangaza tuzo yoyote, chama kijibu swali moja kwa maandishi: mshindi huyu akimaliza udaktari tarajali na bado anaitaka fani hii, atafundishwa kliniki ipi, chini ya bingwa gani, na mshahara wake utatoka fungu lipi?