Muuguzi akienda Uingereza harudi chuoni

Wauguzi wengi wa Kenya na Tanzania huambiwa kwamba wakifika Uingereza, diploma zao hazitambuliki na lazima wasome uuguzi upya. Si kweli, na inauma kuona watu wenye ujuzi wa miaka mingi wakibaki kwenye kazi za kuhudumia wazee kwa kuamini maneno hayo.

Baraza la uuguzi la huko, NMC, halidai shahada nyingine. Linataka uthibitisho wa usajili wako wa nyumbani, Kiingereza (kwa mtihani wa lugha wa IELTS au OET) na mitihani miwili ya uuguzi. Wa kwanza hufanywa kwenye kompyuta, hata ukiwa Nairobi. Wa pili, OSCE, ni wa vitendo; hufanyika Uingereza kwa vituo 10, yaani sehemu 10 za mtihani, na hapo ndipo wazoefu hujikwaa. Kuchoma sindano wanajua sana. Wanachosahau ni kukagua mkanda wa utambulisho mkononi mwa mgonjwa, kumwuliza jina, tarehe ya kuzaliwa na mzio, kisha kuomba ridhaa yake. Mtahini hutoa alama kwa alichokiona na kukisikia, kwa hiyo fanya mazoezi ukitamka kila hatua. Ukifeli vituo vichache, utarudia hivyo tu.