Saratani ya damu ya mtoto ikirudi: kwa nini dawa na mionzi kwa pamoja?

Mwanangu alimaliza dawa, vipimo vikawa safi. Ugonjwa umetoka wapi tena?

Haukuwa umekwisha. Chembe chache za saratani zilijificha. Aina inayowapata watoto zaidi, ALL, mara nyingi hurudi kwenye uboho, ndani ya mifupa, damu inakotengenezwa. Ina maficho mengine: ubongo na maji ya uti wa mgongo, na kwa wavulana, korodani. Dawa nyingi za dripu hazipenyi huko vizuri. Ndiyo maana miaka ya 1960 Dkt. Donald Pinkel na wenzake wa hospitali ya St. Jude, Memphis, Marekani, waliongeza mionzi ya kichwa na sindano za dawa ya methotreksati mgongoni. Karibu nusu ya watoto wakapona, ugonjwa ambao kabla ya hapo uliwaua karibu wote.

Kwa hiyo kila mtoto atapigwa mionzi?

Hapana. Dawa hutangulia: vinkristini, deksamethasoni, asparajinesi, pamoja na sindano za mgongoni. Mionzi hufuata kama chembe zimeonekana kichwani au kwenye korodani. Ugonjwa ukirudi mapema, hasa matibabu ya kwanza yakiwa bado yanaendelea, ni mkaidi zaidi. Hapo huzungumziwa kupandikizwa uboho, na kabla yake mionzi ya mwili mzima.

Mionzi inauma?

Haiumi. Kinachowatisha watoto ni kinyago. Bamba la plastiki lenye matundu hulainishwa kwenye maji ya moto, likatandazwa usoni likiwa bado vuguvugu, likagandia hapo ili kichwa kisitikisike. Omba mtoto akishike kwanza, hata akichore simba. Wadogo sana hulazwa kwa dawa ya usingizi. Akitoka hana mionzi mwilini, mbebe tu.

Na madhara ya baadaye?

Yapo, na usikubali kuambiwa juu juu. Mionzi ya kichwa inaweza kupunguza kasi ya kujifunza na kudumaza kimo, ndiyo maana madaktari huikwepa kwa walio chini ya miaka 3. Ya korodani huleta utasa. Uliza kabla ya kutia sahihi.

Akipata homa usiku nyumbani?

Ikifika nyuzi 38, nendeni hospitali saa hiyo hiyo. Kinga yake iko chini. Usimpe panadoli ukasubiri kukuche: homa itashuka, maambukizi yataendelea.