Ajali ikitokea, redio ya mkoa itangaze nini kwanza

Simu ya studio ikianza kuita mfululizo asubuhi, kila mpigaji akisema kuna basi limepinduka, mtangazaji wa Arusha au Moshi hutamani kumpandisha hewani hapo hapo. Asimpandishe. Aliyeko eneo la tukio anaona miili, anamtambua jirani yake, na atamtaja kwa jina. Mama wa huyo jirani naye anasikiliza redio hiyo hiyo, yuko jikoni.

Mpokee nje ya hewa. Muulize yuko wapi hasa (jina la mteremko, daraja au kituo, siyo "njia ya Moshi"), kama ameona mwenyewe au ameambiwa, ilikuwa saa ngapi, na barabara inapitika au la. Kata, kisha mpigie wewe. Wengi wa wanaotania hawapokei. Mtu wa pili asiyemjua wa kwanza akisema yale yale, una habari. Idadi bado huna.

Kabla ya kufungua kipaza sauti, fundi mitambo asimamishe kompyuta inayopiga matangazo yenyewe. Hapa ndipo stesheni nyingi zinaumbuka: habari ya vifo inaisha, linafuata tangazo la bia au la kampuni ya mabasi, tena kwa kicheko. Ondoa matangazo ya saa nzima inayofuata, watu wa masoko watayafidia siku nyingine.

Tangazo la kwanza lisizidi sekunde 20: mahali, aina ya magari, hali ya barabara, na saa mtakayorudi. Ukisema baada ya dakika 15, rudi baada ya dakika 15 hata kama hakuna jipya. Ukikaa kimya, kijiwe cha bodaboda kitajaza kwa niaba yako.

Idadi ya vifo ndiyo inayotesa. Kamanda wa polisi wa mkoa anahesabu waliofia eneo la tukio. Mganga wa hospitali ya Mount Meru, Mawenzi au KCMC anahesabu waliofikishwa kwake, wakiwamo waliofia njiani. Polisi wakisema 10 na hospitali 12, usitangaze 22, maana wale 10 huenda wamo ndani ya 12. Soma kila idadi na aliyeitoa na saa aliyoitoa.

Jina la kundi nalo ni jina. Tarehe 6 Mei 2017 basi la wanafunzi wa darasa la saba kutoka Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, Karatu, wakafa watu 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Katika tukio la namna hiyo, kutaja shule peke yake ni kumpigia kila mzazi wa darasa hilo simu ya msiba, naye yuko zaidi ya kilomita 100 na hana wa kumuuliza. Kwa maoni yangu shule itajwe pale tu mnapoweza kusema, kwa pumzi hiyo hiyo, wazazi waende wapi.

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp wenye mishale miwili umeshasambazwa mara nyingi. Huenda ni wa ajali ya mwaka juzi. Uacheni.

Na kila mnaporudi, anzeni upya na jina la mahali. Aliyepanda daladala Kilombero, Arusha mjini, dakika tano zilizopita hajasikia mlichosema mwanzo.