Gaokao na ufahamu wa Kiingereza: habari moja isomwe mpaka iishe

Kwa kawaida karatasi ya Kiingereza ya gaokao, mtihani wa China wa kuingia chuo kikuu, hufanywa tarehe 8 Juni kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja. Mwaka 2024 waliojiandikisha kufanya gaokao walikuwa watu milioni 13.42. Karatasi hiyo ina alama 150, sawa kabisa na Kichina na hisabati, na hakuna sehemu yake yenye uzito kuliko kusoma. Katika karatasi ya kitaifa inayotumiwa na mikoa kama Shandong na Hubei, kusikiliza kuna alama 30, matumizi ya lugha 30, kuandika 40, na kusoma peke yake 50. Beijing, Tianjin na Shanghai hutunga karatasi zao.

Kazi yangu ni kufundisha kusoma Kiingereza, na wanafunzi ninaowaandikia leo ni wale wa gaosan, yaani mwaka wa tatu na wa mwisho wa sekondari ya juu. Mwaka huo mzima ni wa marudio. Asubuhi kuna kipindi cha kusoma kwa sauti, jioni kuna kujisomea darasani mpaka usiku, na katikati kuna mitihani ya majaribio inayofuatana. Kwa upande wa ufahamu, dawa inayotolewa karibu kila mahali ni moja: shuati, kufanya maswali juu ya maswali. Mwanafunzi anapewa rundo la karatasi za kudurufu, anasoma, anachagua herufi, anasahihisha, anageuza ukurasa. Wiki ikiisha amepitia habari nyingi sana, na alama zake zimesimama pale pale.

Naamini habari moja iliyosomwa mpaka ikaisha inamfaa mtahiniwa kuliko kumi alizosahihisha kwa kulinganisha herufi. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza tuuangalie mtihani wenyewe.

Sehemu ya kusoma ina habari nne, A hadi D, zenye maswali 15 ya kuchagua, kila moja alama 2.5. Habari A huwa na maswali matatu, zilizobaki manne manne. Kisha inakuja habari ya tano iliyotobolewa nafasi tano, na chini yake sentensi saba. Mwanafunzi anazijaza nafasi hizo na sentensi mbili zinabaki. Wenyewe wanaiita qi xuan wu, saba chagua tano. Habari nyingi zimetolewa kwenye magazeti, tovuti na vitabu vya Kiingereza, zikafupishwa na kulainishwa. Neno lililo nje ya mtaala huwekewa maana yake ya Kichina pembeni. Kwa hiyo msamiati mgumu, ambao ndio unaoogopwa zaidi, mara nyingi siyo unaomwangusha mtu.

Kwa msomaji aliyefanya KCSE ya Kiswahili, mtihani wa Kenya wa kumaliza sekondari, tofauti itaonekana mara moja. Kule ufahamu wa alama 15 unaujibu kwa kuandika. Ukielewa nusu, unaandika nusu, na mtahini anaiona nusu yako. Katika gaokao jibu limekwisha kuandikwa na mtu mwingine, tena limewekwa kati ya majibu matatu yaliyotungwa makusudi yafanane na kweli. Watunga mitihani huyaita vipotoshi. Hapo ndipo penye kazi ya kufundisha.

Hii hapa habari niliyoitunga kwa ajili ya darasa. Baraza la mji mmoja mdogo linaacha kufyeka nyasi za kando ya barabara. Mwaka wa kwanza wakazi wanalalamika kwamba mji umekuwa kichaka. Mwaka wa pili maua ya porini yanachanua, nyuki na ndege wanarudi. Mwaka wa tatu wale wale waliolalamika wanaandika barua wakiomba mtaa wao nao usifyekwe. Katikati ya habari kuna sentensi hii: “The decision, which many residents would later claim as their own, had little to do with bees.” Sentensi inayofuata inasema kwamba bei ya mafuta ya mashine za kufyekea ilikuwa imepanda.

Swali: kwa nini baraza liliacha kufyeka nyasi? Majibu: A, kuwalinda nyuki. B, kupunguza gharama. C, kutimiza ombi la wakazi. D, kuupendezesha mji.

Darasani wengi huchagua A. Wanaofuata huchagua C. Hawa wote wanajua maana ya kila neno kwenye habari ile. Nikiwauliza neno moja moja wananijibu bila kusita. Aliyechagua A ameongozwa na mambo anayoyajua tayari: amesoma habari nyingi za mazingira, na katika habari za mazingira watu huacha kufyeka ili kuokoa viumbe. Nyuki wamo kweli kwenye habari, ila wamo kama matokeo, na swali limeuliza sababu. Aliyechagua C amekutana na neno la wakazi na neno la kudai mstari mmoja, akaunganisha, asione kwamba ombi lao lilikuja miaka miwili baada ya uamuzi. D imetengenezwa kwa ajili ya mwanafunzi aliyechoka, anayekumbuka maua tu.

Sasa fikiria mwanafunzi huyo akisahihisha kwa mtindo wa shuati. Anaona jibu ni B, anaandika B kwa wino mwekundu, anakwenda mbele. Amejifunza nini? Kwamba habari ya nyasi jibu lake ni B. Habari hiyo haitatokea tena maishani mwake. Kosa lake, la kugeuza tokeo kuwa sababu, litatokea tena kesho kwenye habari ya roboti au ya makumbusho, naye hatalitambua kwa sababu hajawahi kuliangalia usoni.

Karibu kila mwanafunzi wa gaosan ana cuotiben, daftari la makosa. Ni utamaduni mzuri sana na natamani shule zetu za Afrika Mashariki ziuige. Shida ni kinachoandikwa ndani yake. Wengi hukata swali, hulibandika, huandika herufi sahihi. Mimi nawaomba wasibandike swali kabisa. Waandike sentensi ya habari inayobeba jibu, wainakili neno kwa neno kwa mkono, halafu kwa kila jibu la uongo waeleze kwa Kichina lina kasoro gani: limegeuza wakati, limebadili mtendaji, limesema jambo la kweli duniani lakini halimo kwenye habari, limechukua mfano mmoja na kuufanya ndio hoja nzima. Waandike kwa Kichina, ndiyo. Wapo walimu wenzangu wanaotaka daftari lote liwe la Kiingereza, lakini hapa tunachonoa ni hoja, na mtu hunoa hoja vizuri zaidi kwa lugha anayoota nayo.

Habari moja kwa mtindo huu inaweza kula kipindi kizima. Mwanzoni wanafunzi wanapata wasiwasi, kwa sababu wenzao wa darasa la jirani wamemaliza karatasi nzima. Baada ya wiki kadhaa wanaanza kuona kwamba makosa yao si mengi kama walivyodhani. Mwanafunzi hukosa kwa namna mbili au tatu tu, akizirudia kila siku.

Turudi kwenye ile sentensi ya uamuzi, maana kuna jambo la sarufi pale linalowasumbua Wachina kuliko linavyotusumbua sisi. Kiswahili tunasema: uamuzi huo, ambao baadaye wakazi wengi wangedai ni wao, haukuhusiana sana na nyuki. Nomino imetangulia, maelezo yamefuata, kama Kiingereza. Kichina hufanya kinyume: maelezo yote hutangulia na nomino huja mwisho. Kijana aliyezoea hivyo anapokutana na nomino kisha kishazi kirefu nyuma yake, mara nyingi analitafuta tendo la nomino ile ndani ya kishazi. Ndipo uamuzi unapogeuka kuwa wa wakazi. Tena vitenzi vya Kichina havibadiliki umbo kwa njeo. Wakati huonyeshwa kwa maneno mengine au kwa muktadha. Kile kijineno “would” kinachobeba taarifa kwamba madai yalikuja baadaye ni rahisi kupitwa nacho, ingawa kwenye swali letu kina thamani ya alama 2.5.

Zoezi langu la hili ni dogo. Mwanafunzi anachukua sentensi ndefu moja kutoka habari C au D, anatia mabano kwenye kila kishazi kinachofuata nomino, kisha anasoma kwa sauti yaliyobaki nje ya mabano. “The decision had little to do with bees.” Ikisimama kama sentensi kamili, mabano yako sawa. Kipindi cha asubuhi cha kusoma kwa sauti kinafaa sana kwa kazi hii, kuliko kuimba orodha ya maneno.

Qi xuan wu nayo ina siri yake, na inanifurahisha kuifundisha. Kila sentensi iliyong’olewa imeacha mzizi, na mara nyingi mzizi huo ni kiwakilishi. Sentensi ikianza na “They”, kabla yake lazima kuwe na nomino ya wingi inayoweza kufanya tendo lile. Ikiwa na “this”, lazima kuwe na jambo lililokwisha kutajwa. Msemaji wa Kiswahili amezoea kufuatilia mambo haya bila kujua: kikisemwa “kilianguka” hatafuti mtu, anatafuta kitu cha ngeli ya ki-. Kichina mara nyingi hudondosha kiwakilishi kabisa pale muktadha unapotosha, na katika matamshi “he”, “she” na “it” zote ni tā. Kwa hiyo macho ya mwanafunzi hupita juu ya viwakilishi vya Kiingereza kana kwamba havina kazi. Nawapa habari isiyotobolewa, nawaambia wachore mstari kutoka kila kiwakilishi hadi nomino yake. Kwisha. Wakiizoea kazi hiyo ndipo naleta yenye nafasi.

Kuhusu msamiati nitasema kidogo, kwa sababu unasemwa mno. Mtaala unahitaji maneno kama 3,000 hadi 3,500, na hakuna njia ya kukwepa kuyajifunza. Ila orodha za maneno humpa mwanafunzi neno moja la Kichina kwa kila neno la Kiingereza, na mtihani unapenda kuchukua neno la kawaida na kulitumia kwa maana yake nyingine. Aliyejifunza “address” kama anwani atakwama serikali “inapo-address” tatizo, yaani inapolishughulikia. Maana hizo za pili zinapatikana kwa kusoma tu, tena kusoma vitu ambavyo havina maswali mwishoni. Dakika 15 za hadithi fupi au makala kila siku, hata katika gaosan, si anasa.

Hapa pana jambo linaloniuma. Habari A mara nyingi ni tangazo au kipeperushi: kambi ya likizo, ziara za baiskeli, tiketi za makumbusho, kozi za sanaa katika mji fulani wa nchi za Magharibi. Inahesabika kuwa rahisi kuliko zote. Kwa mtoto wa Shanghai aliyewahi kusafiri na wazazi wake, ni rahisi kweli. Kwa kijana wa wilaya ya milimani Guizhou au Gansu, ambaye shule yake ina marundo ya karatasi za mazoezi na vitabu vichache vya hadithi vya Kiingereza, mpangilio wenyewe wa kipeperushi ni mgeni: bei ya kikundi iko wapi, masharti ya umri yako wapi, ni siku gani wamefunga. Lugha anayo. Alichokosa ni kuzoea karatasi za aina hiyo. Mwalimu wa shule kama hiyo akikusanya vipeperushi halisi na kuwaacha wanafunzi wapange safari kwa kuvitumia, atakuwa amewapa haki yao.

Sasa muda, kwa kuwa ndilo swali ninaloulizwa zaidi. Ukitoa kusikiliza, matumizi ya lugha na uandishi, kusoma kunabakiwa na dakika kama 35 kwa habari tano, yaani saba kwa kila moja. Kasi hiyo haitakiwi mwanzoni mwa mwaka. Muhula wa kwanza wa gaosan nawaacha wasome bila saa. Saa naileta baada ya likizo ya Mwaka Mpya wa Kichina, na miezi miwili ya mwisho tunafanya karatasi nzima, mchana, saa tisa hadi saa kumi na moja, ili mwili nao uizoee saa ile ya uchovu wa alasiri.

Na je, waanze na maswali au na habari? Kwa habari A, maswali kwanza, kwa sababu anatafuta taarifa, na kusoma kipeperushi chote ni kupoteza dakika. Kwa B, ambayo mara nyingi ni kisa cha mtu, asome kisa moja kwa moja. Kwa C na D nawataka wasome aya ya kwanza yote kwa utulivu, kisha sentensi ya kwanza ya kila aya, ndipo waangalie maswali bila kutazama majibu ya kuchagua. Wajijibu wenyewe kichwani kwanza, kwa maneno yao. Halafu wafungue macho kwa A, B, C na D na kutafuta jibu lililo karibu na lao. Aliyekwisha kujijibu ni vigumu kupotoshwa na nyuki.