Ramadhani katikati ya jaribio la dawa

Wiki iliyopita daktari mmoja kijana aliniletea rasimu ya utafiti wake wa dawa mbili za presha, akitaka nimsaidie kukadiria idadi ya wagonjwa. Alikuwa amechagua jaribio la kupokezana, ambalo sisi wa takwimu tumezoea kuliita krosova: kila mgonjwa hutumia dawa zote mbili kwa zamu, nusu yao wakianza na dawa A na nusu wakianza na B, kwa kura. Nilimwambia kwamba kabla ya idadi tutazame kwanza kalenda.

Uzuri wa muundo huu ni kwamba mgonjwa hulinganishwa na nafsi yake mwenyewe. Mzee wa Mji wa Kale anayekunywa kahawa chungu kila jioni halinganishwi tena na kijana wa Kisauni asiyeigusa, na ndiyo maana, ikiwa vipimo viwili vya mtu mmoja vina uhusiano wa kitakwimu wa 0.5 (0 ni kutohusiana, 1 ni kuhusiana kikamilifu), robo tu ya wagonjwa wanaohitajika katika jaribio la makundi mawili hutosha. Lakini ugonjwa wenyewe sharti uwe wa kudumu na uliotulia, kama vile presha au pumu. Mgonjwa wa malaria akipona katika zamu ya kwanza, zamu ya pili haina cha kupima.

Halafu kuna mabaki ya dawa, yaani dawa ya zamu ya kwanza ambayo bado imo mwilini zamu ya pili inapoanza. Amlodipini, mojawapo ya dawa za presha, hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya saa 30 hadi 50. Nusu tano zikipita hubaki kama asilimia 3, nayo huweza kuchukua siku 10 hivi. Kumwacha mgonjwa wa presha bila dawa muda wote huo ni jambo linalonitia wasiwasi, kwa hiyo mara nyingi hupendekeza zamu ndefu zinazofuatana moja kwa moja, na vipimo vichukuliwe mwishoni mwa kila zamu tu.

Sasa kalenda. Tuseme A hushusha presha kwa milimita 5 za zebaki zaidi ya B, na zamu ya pili ikaangukia Ramadhani, ambayo nayo, tuseme, imeshusha presha ya kila mtu kwa milimita 4. Walioanza na A wataonyesha tofauti ya 1 tu, walioanza na B wataonyesha 9, na wastani wake ni 5 ileile. Mfungo umejifuta wenyewe, mradi umewagusa wote sawasawa chini ya dawa zote mbili.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililoniumbua miaka ya nyuma. Katika utafiti niliousimamia, dawa moja ilimezwa mara moja kwa siku na nyingine mara tatu. Mzee mmoja alikuja kupimwa akaniambia, “Mwanangu, cha mchana nimekiacha, nimefunga. Nameza kimoja kwa futari na kimoja kwa daku.” Dawa ya mara moja haikupungukiwa na kitu, ile ya mara tatu ilipoteza theluthi, na hasara hiyo haikujifuta, kwa kuwa iliangukia dawa moja tu. Baya zaidi, katika muundo wa dawa mbili na zamu mbili, hitilafu ya namna hiyo haitenganishiki na mabaki ya dawa: zote mbili huonekana katika takwimu kwa sura moja.

Kuna wanaotegemea kupima kwanza kama mabaki yapo, kisha ndipo waamue wachambue vipi, kama alivyopendekeza mwanatakwimu Grizzle mwaka 1965. Mwanatakwimu mwingine, Freeman, alionyesha mwaka 1989 kwamba njia hiyo yenyewe hupotosha matokeo, nami siitumii. Mabaki huzuiwa wakati wa kupanga.

Daktari yule alihesabu majuma kwa vidole, akasogeza mwanzo wa utafiti hadi baada ya Idi. Ndipo tukarudi kwenye swali lake la idadi, tukaongeza wagonjwa kadhaa kwa ajili ya watakaoacha njiani, kwa kuwa anayeondoka baada ya zamu ya kwanza huondoka na tofauti yake yote.